Trakteri Yetu na Kichuguu cha Mama Mwavita

Vijana wa Lusangi na wa vijiji vya jirani, naomba msamaha kabla hamjaanza kusoma. Mwandiko wangu umelala kama mpunga uliopigwa na mvua, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia tu. Nilisoma shule ya msingi kwa mapadri, nikaiacha kabla sijaimaliza. Baada ya hapo mkono wangu ulishika spana, na spana haimfundishi mtu herufi. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima.

Ninaandika kwa sababu mliniuliza swali mbele ya watu. Katika mkutano wa chama chenu cha wakulima kijana mmoja alisimama akasema: "Muzee, weye uliendesha trakteri wakati wa Wabelgiji. Tuambie, tununue ya namna gani? Na ile mashini ya kumwaga mbolea, iko na faida?" Watu wote waligeuka kunitazama. Nikasema, "Inategemea," nikakaa chini, nanyi mkacheka. Mimi ni mtu wa haya tangu ujana wangu. Mbele ya watu wengi ulimi unanikauka. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Basi jibu langu kamili ni hili.

Sisi trakteri yetu hatukuinunua, ililetwa. Wakati ule kulima hakukuwa hiari. Pamba ililimwa kwa amri, mpunga vilevile, na mashamba yalipimwa kwa kamba, kila mtu na ukanda wake, kanda zote zimelala sambamba kutoka barabarani hadi mtoni. Agronomo, yaani bwana shamba wa serikali, Mbelgiji mrefu aliyekuwa akija kutoka Kasongo, alileta trakteri mbili zijaribiwe kwetu. Alisema tuchague moja ibaki, na nyingine iende upande wa Nyangwe. Sijui kama alikusudia kweli kutusikiliza, lakini alisema, na wazee waliyashika maneno yake.

Ya kwanza ilitembea kwa minyororo ya chuma. Ilipanda juu ya visiki kama mtu anayepanda kitandani. Ya pili ilikuwa na magurudumu ya mpira, na kisiki kilipoigusa ilirudi nyuma na kulia. Mtu yeyote aliyeziona siku ile angechagua ya minyororo. Vijana wote tulitaka hiyo.

Wazee walizizunguka kama watu wanaonunua mbuzi. Mmoja aliinusa. Mwingine aliuliza, "Hii inakula nini?" Akaambiwa mazutu, yaani dizeli. "Inakula ngapi kwa siku, na mwenzake anakula ngapi?" Akaambiwa. Kisha Kapita Amisi, mkuu wa kijiji chetu, mtu wa ukoo wa Kiislamu wa Kasongo mjini, akauliza swali ambalo sisi vijana hatukulifikiri: "Ikiugua, muganga wake anakaa wapi?" Agronomo akasema kwamba vyuma vya ile ya mpira vinapatikana Kasongo, na vya ile ya minyororo vinasubiriwa kutoka mbali. Wazee wakatazamana. Tena ile ya mpira ilikuwa na mkokoteni nyuma, unaoweza kubeba mpunga mpaka sokoni, na watu juu ya mpunga. Tangu walipouona mkokoteni hawakuitazama tena ile nyingine. Wake zao walikuwa wakibeba mizigo kichwani kwenda Kasongo tangu walipoolewa.

Kwa hiyo wazee walichagua trakteri dhaifu, wakachagua vizuri. Aliyenieleza sababu yake ni Mzee Petelo, fundi wa karakana ya Kasongo aliyetumwa kunifundisha. Nilimwambia kwamba ile ya minyororo ilikuwa na nguvu zaidi.

"Nguvu?" akasema. "Tembo iko na nguvu. Wee ulishaona mutu analimia tembo hapa? Angalia madaraja ya kwenu. Miti mitatu na udongo juu. Ile ya minyororo ikipita, itaanguka pamoja na weye, na samaki watapata dereva."

Andikeni hilo kwanza: kabla ya kutazama trakteri, tazameni madaraja.

Mzee Petelo alikuwa mtu wa maneno makali na mikono laini. Alinifundisha kuchuja mazutu kwa kitambaa safi, mara mbili, kwa sababu pipa likisafiri juu ya lori kutoka mbali linafika na maji na mchanga chini. Alinifundisha kuacha pipa litulie kabla ya kulifungua, na kutolivuta mpaka mwisho. Siku moja alikuta nimechuja kwa shati langu la kazi. Akalichukua shati, akalikung'uta mbele ya uso wangu, vumbi likatoka. "Hii ni kuchuja ao kukoroga?" Hakunisema zaidi, lakini siku ile nilirudi nyumbani kifua wazi.

Grisi ilipotuishia, monita wa kilimo, msaidizi wa agronomo aliyekaa kwetu, alisema tupake mafuta ya mawese, mafuta ni mafuta. Tukapaka. Asubuhi tulikuta siafu wameijaza trakteri kutoka magurudumuni hadi kitini, na panya wameanza kula mpira wa bomba. Tulisubiri mpaka siafu washibe. Hakuna njia nyingine ya kuwafukuza siafu.

Sasa mashini ya mbolea. Ilikuwa kama ndoo kubwa ya bati yenye sahani chini yake. Trakteri ikitembea, sahani inazunguka na kurusha mbolea nyuma, kulia na kushoto. Wanawake waliipa jina siku ya kwanza. Walisema inachakura na kutupa nyuma kama kuku kwenye jalala. Tukaiita Kuku, na tangu hapo hata monita alisema, "Mufunge Kuku, twende."

Mbolea yenyewe ilikuwa nyeupe, punje ndogo. Tomasi, jirani yangu, mkulima hodari na msemaji kuliko wote, alichovya kidole akalamba, kisha akatema mpaka mate yakamwishia. "Iko chumvi ya shetani," akasema. Watu wengine walilamba pia, ili wahakikishe.

Haya ndiyo mambo ya Kuku ninayoyajua. Msiweke magunia ya mbolea chini. Yawekeni juu ya miti, mbali na ukuta, la sivyo yatakunywa unyevu na kuwa mawe. Yakishakuwa mawe, twangeni kwa mchi na mchekeche, kwa sababu donge moja tu linaziba tundu, nanyi mtatembea shamba zima mkidhani mnamwaga. Fanyeni kazi asubuhi kabla ya upepo. Kabla ya kuanza, tandikeni mikeka kwa mstari shambani, mpite na mashini kando yake, kisha mkusanye kilichoangukia kila mkeka. Hapo mtaona Kuku anarusha mpaka wapi, na mtajua mzunguko wa pili upite karibu kiasi gani na wa kwanza. Jioni mwosheni kwa maji mengi, mkausheni. Mbolea inakula bati kuliko kutu. Mtu asiyeosha mashini yake atakuwa na mashini ya msimu mmoja.

Mngeniuliza hayo tu, ningeishia hapa. Lakini mliuliza kama ina faida, na siwezi kujibu bila kuwaeleza habari ya kichuguu cha Mama Mwavita.

Ninyi mnajua, lakini naandika kwa ajili ya wale waliokulia mjini. Kwetu ardhi ina mwenyewe, na kichuguu kina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Shamba linaweza kuwa lako, ukalima, ukavuna, na katikati yake kikasimama kichuguu cha mtu mwingine. Mwenye kichuguu hufyeka majani pembeni yake. Mvua za kwanza zikija, hukifunika kwa fito na majani ya migomba, akaacha mlango mmoja na shimo mbele yake. Kumbikumbi wanaotoka humo ni wake peke yake. Ukiwachukua wewe mwenye shamba, umeiba.

Kichuguu cha Mama Mwavita kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yake. Alikirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Yeye mwenyewe alikuwa mjane mwenye binti wawili, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Kumbikumbi wa kichuguu kile, wakishakaushwa, walikuwa mboga ya nyumba yake mpaka kiangazi, na kilichobaki alikibadilisha sokoni kwa chumvi na nguo. Watu walisema nyumba ile haina mume lakini ina kichuguu. Binti yake mkubwa, Zaina, alikuwa amekwisha kuahidiwa kwamba atakirithi.

Kamba ya agronomo ilipopita, kichuguu kiliangukia katikati ya ukanda wa Tomasi.

Kwa jembe la mkono hilo halikuwa jambo. Kwa trakteri lilikuwa jambo. Kila nilipofika pale nilisimama, nikarudi nyuma, nikazunguka, nikapoteza mstari, na Kuku nyuma yangu akamwaga mara mbili upande mmoja na kuacha upande mwingine. Tomasi alikuwa akitembea pembeni akilalamika. "Shamba langu linapinda kama nyoka! Agronomo akikuja ataona mimi niko mulevi!"

Katika kiangazi kile Mama Mwavita alipata habari ya msiba wa kaka yake upande wa Kabambare. Akaenda matanga na binti zake. Alipita kwa Kapita kuaga, akasema atarudi kabla ya mvua.

Alipokwisha kwenda, Tomasi aliwaita wanaume penye banda la pamba. Nilikuwepo kwa sababu trakteri ililala pale. Alisema kichuguu kivunjwe sasa, kabla mwenyewe hajarudi, maana mwanamke akiona kitu kinavunjwa atalia, na akikuta kimekwisha kuvunjwa atazoea.

"Na udongo wake tutapeleka wapi?" Saidi akauliza. Saidi alikuwa mkulima mpole aliyekuwa na ukanda wa mwisho, karibu na mto.

Hapo Tomasi akatoa wazo lake, na alilitoa kwa furaha. Wote mnajua tumbaku na vitunguu vinavyostawi juu ya udongo wa kichuguu. Mbolea ya agronomo mwaka ule ilikuja kidogo, haikutosha kanda zote. Basi, Tomasi akasema, tuutwange udongo, tuukaushe, tuumwage kwa Kuku mashambani mwote. "Kichuguu kikikaa pahali pamoja, iko ya mutu mumoja. Kikitawanyika, iko ya watu wote. Nani atajua punje gani iko ya nani?"

Wanaume wakaona ni maneno ya akili. Kapita Amisi alikuna ndevu muda mrefu, halafu akasema, "Lakini mujue, mimi sikusema ndiyo." Hakusema hapana pia.

Trakteri haikuweza kukisukuma kichuguu. Ilisukuma, ikazama magurudumu, ikazimika. Wanaume wakakivunja kwa sululu na majembe, toka juu kwenda chini, mpaka kikawa sawa na shamba. Udongo ulianikwa juani, ukatwangwa, ukachekechwa. Kisha nikamfunga Kuku nikapita. Nilikuwa dereva, na dereva anapita anapoambiwa. Vumbi jekundu lilisimama nyuma yangu mpaka juu ya miti. Kila mtu alikuja mbio kuniita: "Dereva, na kwangu! Dereva, usinisahau!" Ni Saidi peke yake aliyekataa. Mke wake alikuwa ameanika mihogo, hakutaka vumbi.

"Saidi, utalia," Tomasi akamwambia. "Mupunga yako itakuwa kama nywele ya muzee."

Mama Mwavita alirudi kama alivyosema, kabla ya mvua. Nilikuwa nakaza nati za gurudumu barabarani alipopita na mzigo kichwani. Alifika kwenye ukanda wa Tomasi, akasimama. Hakutua mzigo. Zaina ndiye aliyepiga kelele. Mama yake akamwambia, "Nyamaza," akatembea polepole katikati ya shamba mpaka pale palipokuwa na kichuguu, akapagusa kwa mguu.

Tomasi alitoka nyumbani kwake na kicheko alichokiandaa. "Karibu, Mama Mwavita! Pole na matanga. Unaona maendeleo? Agronomo alitaka mustari."

"Agronomo alikuja hapa?"

"Hapana, lakini alitaka."

"Udongo wangu iko wapi?"

"Aa, mama, udongo iko udongo tu. Uko kila pahali."

"Kila pahali," akasema yeye, kama mtu anayekariri sala ili asiisahau. Akaenda nyumbani.

Mvua za kwanza zilikuja. Vichuguu vyote vya watu vikafunguka, na jioni zile kijiji kizima kilinukia kumbikumbi wa kukaanga. Kwa Mama Mwavita hapakuwa na moshi wa aina hiyo. Majirani walipeleka kidogo kidogo kwenye majani. Alipokea, akashukuru, akawapa binti zake. Hakwenda kwa Kapita wala kwa agronomo, na Tomasi alisema kwa watu, "Si mumeona? Nilisema atazoea."

Mpunga ukaota. Sijawahi kuona mpunga kama ule kabla wala baadaye. Ulikuwa na rangi nzito, karibu na nyeusi, na shina nene kama kidole cha mtoto. Kila mtu alijivuna. Jumapili baada ya misa, na Ijumaa baada ya swala, wanaume walitembea mashambani wakionyeshana. "Tazama yangu!" "Yako? Njoo uone yangu!" Wote walicheka mpunga wa Saidi, uliokuwa wa kawaida, na karibu nao ukaonekana wa njano. Mstari ulionekana wazi: mpaka hapa Kuku alipita, kuanzia hapa hakupita. Hakuna mkeka wa kupimia uliowahi kunionyesha vizuri hivyo.

Mpunga ulipoanza kukomaa na ndege wakaanza kufukuzwa, Mama Mwavita alikwenda kwa Kapita, akaomba watu wakusanyike.

Tulikusanyika penye banda la pamba. Alisimama na kitenge chake cha matanga, akasema hakuja kudai kichuguu.

"Watu wanasema kichuguu yangu ilikufa. Haikufa. Ilitawanyika. Iko kwa Tomasi, iko kwa Amisi, iko kwa ninyi wote. Na ninaona inafanya kazi vizuri, kila siku munaisifu. Nataka sehemu yangu."

Watu wakacheka, lakini si sana.

"Mama," Tomasi akasema, "udongo ukishaingia kwa shamba iko ya shamba."

"Baba Tomasi, nikuulize. Mutu akikata muzinga wako wa asali, akagawa asali kwa nyumba za kijiji, utakwenda kudai kwa nani?"

"Kwa mwizi!"

"Na wale waliokula?"

Mzee mmoja nyuma akajibu kabla ya Tomasi: "Waliokula pia. Nyumba kwa nyumba. Ndivyo iko tangu zamani." Na ndivyo ilivyokuwa, kila mtu pale aliijua desturi hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyefikiri kichuguu kinaweza kugawanywa kama asali. Kabla ya Kuku kuja, hakuna aliyeweza kukigawa.

Hapo mambo yakageuka. Mtu mmoja akasema kwake udongo haukufika, mpunga wake ni mzuri kwa sababu ya palizi. Mwingine akasema mpunga wake kwa kweli si mzuri sana, watu wanautia chumvi. Yule aliyekuwa akituvuta mikono kila Jumapili tuone mashuke yake alisema ana wasiwasi na ugonjwa. Kapita Amisi akawaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akanitazama.

"Dereva. Kuku alipita wapi?"

Nikasema, "Kila pahali."

"Sema kwa sauti. Weye si ndege."

"Kila pahali! Isipokuwa kwa Saidi."

Saidi akaruka kama mtu aliyekalia kaa la moto. "Mumesikia! Mumesikia! Kwangu hapana! Njo muangalie, mupunga yangu iko njano, asante Mungu!" Watu walicheka mpaka Mama Mwavita mwenyewe akaficha uso.

Kapita akaamua. Kila shamba lililopata udongo litatoa kikapu kimoja cha mpunga wakati wa mavuno, kuanzia na shamba lake mwenyewe. Wakakubali mmoja mmoja, kwa kunung'unika. Ila Tomasi. Alisimama, akafunga shuka lake, akasema, "Mimi sitoi. Kama udongo iko yake, akuje achukue udongo wake. Simukatazi." Akaenda zake.

Kesho yake jua halijapanda sana nilikuwa naosha trakteri. Nikawaona Mama Mwavita, Zaina na yule mdogo wakipita na vikapu na majembe madogo ya mkono. Waliingia kwenye ukanda wa Tomasi, penye mpunga uliobakiza siku chache tu uvunwe. Wakapiga magoti kwenye ukingo. Mama Mwavita alishika shina moja la mpunga, akalichimba taratibu pamoja na mizizi, akaukung'uta udongo ndani ya kikapu mpaka mizizi ikawa myeupe, kisha akalilaza shina kando, kichwa upande mmoja, kwa heshima. Akashika la pili. Binti zake wakafanya hivyo hivyo. Hawakuvunja shuke hata moja wala kuchukua punje ya mpunga.

Watu wakaanza kusimama barabarani. Mke wa Tomasi ndiye aliyetoka kwanza.

"Mama Mwavita! Unafanya nini?"

"Nachukua udongo wangu, shoga. Mupunga iko yenu. Tunaiacha hapa, muione."

Mke wa Tomasi alitazama mashina yaliyolala, akatazama shamba lote lililobaki, akageukia nyumba. "Weye Tomasi! Toka! Toka uone maneno yako yanavyotembea!"

Tomasi alitoka. Alitazama watu barabarani, akamtazama Kapita aliyekuwa amefika na birika la udhu bado mkononi. Mama Mwavita hakuinua kichwa, alikuwa akikung'uta.

"Basi," Tomasi akasema. "Basi, dada. Nitatoa kikapu."

"Kikapu ilikuwa jana," Mama Mwavita akasema. "Jana ulikataa. Leo nataka pahali pangu."

"Pahali gani?"

"Pale kilipokuwa. Usilime pale. Trakteri isipite pale. Mupunga ya pale vuna mwaka huu, kisha pawe yangu. Huko chini hamukufika, mama ya kumbikumbi bado iko. Nilisikiliza kwa sikio, nikasikia."

Tomasi akamtazama Kapita. Kapita akatazama birika lake. Tomasi akasema ndiyo.

Msimu uliofuata nilipofika pale niliinua jembe la trakteri, nikazunguka mahali patupu pasipo na chochote, nikarudi kwenye mstari. Watu wa vijiji vingine waliopita walicheka: dereva anazunguka hewa. Agronomo alipokuja na kuona ukanda umepinda alimwuliza Kapita sababu. Kapita akamjibu, "Bwana, pale trakteri inapata shida." Agronomo aliandika kitu, akaenda.

Nilizunguka hewa tena msimu wa pili. Zaina aliolewa, na katika mahari yaliyosemwa upande wetu alitajwa kuwa mwanamke mwenye kichuguu, ingawa palikuwa na majani tu. Wakwe wakaja kupaona, wakaridhika.

Kisha asubuhi moja baada ya mvua, nikiwa na Kuku nyuma, nilimkuta Mama Mwavita amesimama pale na mkono ameuinua kama askari wa barabarani. Nikazima mashini. Katikati ya yale majani palikuwa na udongo mbichi mwekundu, umeinuka kama ngumi ya mtu, una unyevu bado.

"Zunguka mbali kidogo, dereva," akasema. "Na polepole. Iko mutoto."

Nikazunguka mbali kidogo.

Vijana, hilo ndilo jibu langu. Kuku ana faida. Mpunga ule niliuona kwa macho yangu. Lakini kabla hamjachagua trakteri yoyote, tembeeni shamba lote kwa miguu, na kila kitu kinachosimama njiani ulizieni mwenyewe, hata kama mwenyewe amekwenda matanga. Mkikwisha kutembea, niandikieni mlichokikuta na mlichoamua. Mpeni barua mtu yeyote anayekuja njia ya Kasongo, aulize nyumba ya dereva wa zamani. Kama kuna mlipozunguka, niambieni mlizunguka mbali kiasi gani. Nitajibu kila barua.